Siku Mlima Hanang Ulipogeuka Shimo

Nilipohamishiwa Katesh kufundisha jiografia, nikitokea Lindi, kilichonisumbua zaidi ya baridi ni mwalimu mwenzangu wa fizikia. Alikuwa mtu mwema, lakini aliiamini kompyuta yake kuliko macho yake.

Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia. Mkuu wa shule, mama asiyependa maneno mengi, alituagiza tufinyange mfano wa udongo wa Mlima Hanang na vijiji vyake. Mimi nilitaka tutumie ramani. Mwenzangu akakataa. Alikuwa amepata programu inayosoma mwanga na kivuli kwenye picha moja tu ya setilaiti, kisha inakadiria wapi ardhi imeinuka na wapi imeinama.

"Upande unaotazama jua unang'aa, ulioligeuzia jua mgongo una giza," alinieleza. "Kompyuta inafuata hicho tu, inakujengea nchi nzima."

Akabonyeza. Kompyuta ikahangaika mpaka tukamaliza chai, ndipo ikaleta mchoro. Katikati, pale ambapo mlima ungesimama, palikuwa na shimo kubwa la duara kama sufuria.

"Mwalimu, mlima uko wapi?"

"Si huo hapo?"

"Hilo ni shimo."

Akakunja uso. Nyuma yake Hanang wenyewe ulikuwa umejaa dirisha zima, wingu kileleni.

"Labda tumezoea kuuona vibaya," akasema, na hakuwa anatania.

Nilicheka mpaka mkuu wa shule akaja kuuliza kulikoni. Akautazama mchoro, akautazama mlima, akamtazama mwenzangu. "Wazazi watoke Nangwa na Masakta kuja kuoneshwa shimo?"

Alipoondoka tukaanza kuikagua picha. Ilikuwa imepigwa asubuhi, kwa hiyo jua lilikuwa mashariki, upande wa kulia. Programu ilikuwa imewekwa iamini kwamba mwanga unatoka kushoto. Ilipoona upande wa kulia unang'aa, ikaamua kwamba huo ni ukuta wa ndani wa shimo. Mwenzangu akabadilisha upande wa jua, akabonyeza tena. Hanang ukainuka. Akanikumbatia kwa furaha, kisha aibu ikamshika, akaniomba radhi kama mara tatu.

Siku ya wazazi ilipofika, mfano tuliofinyanga kwa kufuata mchoro ule uliwekwa mezani nje ya ofisi. Mzee mmoja wa Nangwa akauinamia kwa muda mrefu.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba. Shamba langu limekuwa na korongo tangu lini?"

Kweli, korongo lilikuwepo. Mwenzangu akajitokeza haraka. "Mzee, picha ilipopigwa ulikuwa umeshalima. Udongo uliolimwa ni mweusi, kompyuta ikadhani ni kivuli cha mteremko."

"Kwa hiyo ningechelewa kulima, nisingekuwa na korongo?"

"Ndiyo, mzee."

Mzee akaangua kicheko, akamwita mkewe aje aone. Punde wazazi walikuwa wamepanga foleni, kila mtu akitafuta kompyuta imelifanyia nini shamba lake. Mkuu wa shule alikuwa na hotuba, lakini hakupata wa kumsikiliza.

Mama mmoja wa Masakta alitafuta, akatafuta tena. Kwake palikuwa tambarare kabisa.

"Sasa mimi hamkunipa hata kilima?"

Mwenzangu akanitazama. Kisha akamega tonge la udongo, akalibandika mahali mama alipoonesha kwa kidole, akalilainisha vizuri kwa dole gumba.