Asubuhi Kiwete, Mchana Mzima

Nimekana kwa miaka mingi, sasa nakiri: asubuhi vidole vyangu havikunjuki. Mume wangu alipouliza kwa nini nashika kikombe cha chai kwa mikono miwili, nilimjibu kuwa ni adabu ya Kisukuma. Macho yakiwa mekundu nilisingizia vumbi la chaki. Nafundisha chuo kikuu, ambako chaki tuliacha kuitumia zamani.

Mwaka jana nilikwenda kijijini kwetu Nkololo msibani, nimevaa miwani myeusi. Jirani yetu wa zamani, sasa kikongwe, aliushika mkono wangu kupita salamu inavyodai, akavipapasa vifundo kimoja kimoja.

"Mkono huu naujua," akasema.

Nikauchomoa. Wewe ungefanyaje?

Maana mkono alioujua ulikuwa wa bibi yangu, aliyenilea. Nyumba yake ilinukia moshi wa miti ya pamba na samadi kavu, kwa kuwa kuni zilikuwa mbali. Asubuhi tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa hadi vikakauka kama soli ya kiatu, tukivishushia maziwa mgando. Kazi yangu ilikuwa kumvunjia bibi vya kwake na kuviloweka. Yeye aliketi mlangoni, mikono ameitandaza juani kama anayeanika nguo.

"Hii mikono ina usingizi kuliko marehemu babu yako," alikuwa akisema.

Jua likipanda, mikono iliamka. Mchana alichuma pamba akawaacha nyuma wanawake wa umri wa binti zake. Na huo ndio uliokuja kuwa ushahidi dhidi yake.

Ulikuwa msimu ambao wanunuzi binafsi walianza kuja. Tangu nipate akili, mnunuzi wa pamba alikuwa mmoja tu, chama cha ushirika, nasi tulimnung'unikia kama mkwe. Sasa yakaja malori ya wageni na mizani yao. Wageni walitushuku kuwa tunamwagia pamba maji iwe nzito. Sisi tuliishuku mizani. Kisha tukaanza kushukiana wenyewe, nani kauza kwa nani na kwa nini kanyamaza. Shaka ikishaingia kijijini haichagui mlango wa kulala.

Wanawake walichumiana pamba kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, na walianza alfajiri. Bibi alifika jua likiwa juu. Siku moja yule jirani alitua kapu lake chini, akamwita bibi mayu, yaani mama.

"Mayu, wewe asubuhi kiwete, mchana mzima. Usiku unafanya kazi gani ya kukuchosha hivyo?"

Wenzake wakacheka. Bibi naye akacheka, akamjibu, "Nakulimia wewe, mayu. Hata hushukuru?"

Hapo kicheko kikakatika. Kwetu iliaminika kwamba wachawi hulima usiku. Bibi alidhani anatania. Wenzake walisikia mtu akikiri.

Nami nikaanza kumpeleleza. Tulilala kitanda kimoja cha kamba, nikafunga pindo la kanga yake kwenye pindo la kanga yangu, fundo la kukazwa kwa meno. Kulipokucha fundo lilikuwa palepale. Bibi alilihangaikia, akashindwa.

"Fungua wewe, mjukuu wangu. Vidole vyangu haviwezi mafundo."

Hakuuliza nani kalifunga. Ushahidi wote ulikuwa mapajani pangu: hakuwa amekwenda popote, na vidole vyake havikuweza hata kanga, sembuse jembe. Lakini nilikuwa mtafiti makini tangu utotoni. Jirani alikuwa ameniambia wachawi huacha mwili kitandani, kwa hiyo fundo halikuthibitisha kitu.

Pamba haijaisha shambani, sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakamwita. Macho yake mekundu, ambayo siku zote tuliyaita macho ya moshi, sasa yalikuwa macho ya mchawi. Vikongwe walikuwa wakiuawa kwa mapanga kwa macho kama yale, na baba hakungoja. Alimtafutia lori la kumpeleka Malampaka kwa shangazi, karibu na stesheni. Baba alitaka waondoke gizani. Bibi alikataa.

"Naondoka mchana, wanione."

Alifia huko, treni zikipita. Hakurudi Nkololo hata kuzikwa.

Siku ile ya msiba nilipita kwetu. Ghala la ushirika limekuwa baa, shamba limekatwa viwanja, na wachumaji wa zamu hakuna anayewakumbuka. Jua la asubuhi bado linapiga pale pale, ila mlango wa kuketi haupo.

Niliporudi Mwanza ninakoishi nilikwenda kupimwa damu, nikimshuku hata aliyeshika sindano. Simu iliita nikiwa nimeloweka mikono kwenye maji ya moto. Alikuwa daktari, kijana kwa sauti.

"Mama, majibu yametoka. Ni baridi yabisi. Walinzi wa mwili wako, yaani kinga, wanawashuku wenyeji, wanawapiga."

"Kwa kosa gani?"

"Hakuna kosa, mama. Katika ukoo wenu yupo mwingine?"

Nilirudisha mkono mmoja kwenye beseni. Maji yalikuwa yamepoa.

"Bibi yangu. Asubuhi kiwete, mchana mzima. Na macho yake yalikuwa mekundu."

"Ndivyo ugonjwa huu ulivyo," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi. "Hata macho."