Nilimpelekea Kila Daktari Kipande Chake

Wapendwa, nimesimama mbele yenu nikiwa napumua. Mtaona ni jambo dogo, maana hata ninyi mnapumua hapo mlipokaa bila kufikiria. Nisikilizeni.

Mnanijua mimi ni muuza mchele hapa Chimala. Debe la mchele nilikuwa nalinyanyua mwenyewe, na sauti yangu wateja waliisikia kabla hawajashuka kwenye basi. Kuumwa nilikuwa nawaachia wenye nafasi.

Ugonjwa ulianzia masikioni. Niliamka yamekuwa mekundu, yamevimba, hayataki hata kuguswa na mto. Jirani yangu akasema nimeng'atwa na siafu. Nikamuuliza ni siafu gani hao wanaogawana masikio sawasawa. Zahanati wakanipa dawa, uvimbe ukaisha. Ukarudi. Basi nikawa nafunga kilemba mpaka chini, na watu wakanisifu kwamba siku hizi navaa kwa heshima.

Baadaye jicho likawaka moto. Nilikuwa Iringa kwa dada yangu, nikaenda kwa daktari wa macho. Akaniuliza, "Kuna tatizo lingine, mama?" Nikasema hakuna. Ningemwambiaje habari za masikio mtu wa macho? Mtu hapeleki redio mbovu kwa fundi cherehani. Magoti yalipovimba, nayo nikayapeleka kwa daktari wa mifupa, peke yake. Nilijiona mgonjwa mwenye adabu kweli.

Kisha sauti ikakauka. Nikawa nakohoa, na nikipanda ngazi kifua kinapiga filimbi. Hapo niliogopa. Mume wangu, Baba Tumaini, akanipeleka hospitali Mbeya. Mnamjua ni mtu wa maneno machache.

Daktari alikuwa dada mmoja mpole. Nikamwambia, "Nina kikohozi tu." Akachukua kalamu aniandikie dawa. Hapo Baba Tumaini akafungua mdomo.

"Daktari, mwambie avue kilemba."

Nikamfinya. Hakunyamaza. "Masikio yanavimba, yanapoa, yanavimba tena. Jicho nalo liliuma. Magoti nayo. Na akilala anakoroma kuliko mashine ya kukoboa mpunga."

Ndugu zangu, nilitamani sakafu ipasuke. Mpaka kukoroma!

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, haya yote yamekutokea wewe?"

"Ndiyo," nikasema, "lakini si kwa siku moja."

Akanishika sikio taratibu. Sehemu ya juu ilikuwa nyekundu, ila nyama ya chini, pale panapokaa hereni, ilikuwa nzima kabisa. Akafurahi mno. Akawaita wenzake, wakajipanga kuangalia masikio yangu. Sijawahi kupendwa hivyo hata siku ya harusi.

Akaniambia, "Mwili wako unashambulia gegedu, ile mifupa laini ya sikio, pua na koo, na macho na magoti nayo huguswa. Hapo kwenye hereni hakuna gegedu, ndiyo maana pamepona. Ugonjwa huu ni adimu, na hauna kipimo kimoja cha kuutambua. Tunakusanya dalili, zikitosha ndipo tunamweka mgonjwa kwenye kundi lake. Ukiniletea kikohozi peke yake, nitakuweka kundi la wenye kikohozi, nikupe dawa ya maji urudi nyumbani. Na njia yako ya hewa imeanza kusinyaa. Ikiziba, hutafika tena hapa."

Nikalia. Baba Tumaini naye akalia, kimyakimya, ameangalia ukutani.

Walinilaza, wakapiga picha ya koo, wakanianzishia dawa. Dawa zikanivimbisha uso na kunipa njaa ya ajabu, nikawa namaliza hata ndizi za mgonjwa wa kitanda cha pili. Lakini filimbi ya kifua ikanyamaza. Bado nakunywa dawa, na kliniki siikosi. Sauti haijarudi yote, ndiyo maana mnaniona kwenye kwaya nimesimama karibu na wanaume wa besi.

Namshukuru Mungu na madaktari. Wewe unayeumwa, ukienda hospitali nenda mzima mzima. Usimchagulie daktari cha kusikia. Sema na yale yaliyopita, sema na ya aibu.

Baba Tumaini, simama wakuone. Siku ile ulinisema mbele ya daktari, nikakununia, nikaapa sitakupikia mwezi mzima. Kumbe ungenyamaza, leo mngekuwa mmekuja kunizika. Asante, mume wangu, kwa kunisema.