Herufi Yenye Kitambi

Mkuu wa chuo chetu cha ualimu pale Thika aliamini kwamba mwanafunzi asiyejitolea ni nusu mwanafunzi. Alituhubiria hivyo kila Jumatatu, akiwa ameshiba. Mimi nilijiunga na kikundi cha kuwafundisha akina mama kusoma, huko Makongeni, kwa sababu nilisikia kuna chai na viazi vitamu. Moyo wa kujitolea nilikuwa nao, ila ulikaa tumboni.

Shida yangu ilikuwa ulimi. Nililelewa kwa Kikuyu, lugha isiyo na L, na kila L iliyonijia niliigeuza R. Mkaguzi wa mtihani wa kufundisha alikuwa Mzungu aliyejifunzia Kiswahili Mombasa, na alikwisha kumwangusha mwenzetu aliyewaambia watoto "wafungue mrango". Nami nikianguka ningerudi kuchuma kahawa ya watu. Niliogopa hata hamu ya viazi ikapungua.

Jumamosi moja niliandika ubaoni KULA na KURA, maana ilikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa Waafrika, na hakupiga kura ila mwenye cheti cha serikali. Akina mama wakayasoma maneno yote mawili "kura". Nikawasahihisha kwa sauti ya kiualimu: "Si kura, ni kura." Wakacheka hadi watoto wachanga wakaamka mgongoni. Ndipo mama mmoja muuza uji, mwenye mdomo kuliko darasa zima, akazitazama zile herufi.

"Huyu R ana kitambi," akasema. "Ndiye wa kupiga kura, amepewa cheti na serikari. Huyu mwembamba ni sisi. Bado tunatafuta cha kura."

Tulipomaliza kucheka nikaona mwanga. L ana njaa, basi ulimi wake hupanda nyuma ya meno kutafuta mabaki ya chakula. Tukajaribu sote, mimi na akina mama, tukitafuta mabaki ambayo hayakuwapo. Jioni ile nilisema "kula" kwa mara ya kwanza maishani, na sikuwa nimefunzwa hilo chuoni.

Siku ya mtihani nilipelekwa shule moja ya Ruiru. Niliandika KULA ubaoni, watoto wakasoma "kura" kwa pamoja, na mkaguzi akashika kalamu. Nikamchora R na kitambi chake, nikamchora L mbavu nje, nikawaambia watafute mabaki. Darasa zima likasema "kula". Nikamwona mkaguzi naye ulimi wake ukitembea nyuma ya meno.

Baadaye aliniuliza ni mwalimu gani aliyenifundisha mbinu ile. Nikamjibu ni wa Makongeni, akaitikia kwa kichwa kana kwamba wanafahamiana.

Nilipofaulu nilikwenda mbio kwa yule mama kumpa habari. Alifurahi kuliko mkuu wa chuo, akanijazia kibuyu cha uji na kuniwekea viazi vitamu.

"Mwarimu," akasema, "keti ukure."

Nikaketi, nikakura.