Mstari Uliozidi Safu ya Tisa

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Dirisha la ofisi ya makaburi ya manispaa bado limefungwa, lakini ndani sauti ya kiume inasema taratibu: "Safu ya nne, kaburi la kwanza. Safu ya nne, kaburi la pili."

Mwanamke wa miaka arobaini na sita, kalamu sikioni, anaifuatisha kwa kidole kwenye daftari lenye harufu ya ukungu. Yuko peke yake. Sauti inatoka kwenye kompyuta.

Wenzake wanamwita Bi Tarakimu. Amekuwa karani wa daftari la marehemu kwa miaka kumi na tisa. Ndiye aliyeandika programu inayozigeuza namba za daftari kuwa maneno, ili mtu akipiga simu na kutaja jina la marehemu wake, sauti imwelekeze.

"Ikikuta 'kaburi la 1', iandike 'la kwanza'. 'La 2', 'la pili'. Kuanzia tatu ni mteremko," anasema. "Kazi ni kuizuia isiguse umri na mwaka. Mashine haina haya. Ukiiachia, inageuza hata namba ya simu ya mfiwa."

Yote aliyafanya kwa ajili ya baba yake, fundi viatu mstaafu, ambaye macho yalimzimika miaka sita iliyopita. Mzee hutaka kwenda mwenyewe kaburini kwa mkewe, fimbo mkono mmoja, simu mkono mwingine. Zamani sauti ya simu, ikimhesabia tangu langoni, ilimsomea "safu ya moja, kaburi la mbili".

"Nikamuuliza binti yangu, huyu mgeni mmemwokota wapi?" anasimulia mzee, akicheka mpaka fimbo inamponyoka. "Mama yake angefufuka amsahihishe!"

Basi binti akanunua kompyuta ya mtumba, akajifunza miezi minane kwa saa ya chakula cha mchana. Leo programu inasoma mistari zaidi ya 11,400. Haikukosa visa. Karani mmoja wa zamani aliwahi kuandika pembeni, kwa herufi za sisimizi, "ameacha mke wa 2". Mwandiko ule hakuna aliyewahi kuuona. Sauti ikausoma wazi, simu ikiwa kwenye spika, mjane akiwa na mashemeji zake.

"Alikuja hapa na mwavuli," anasema Bi Tarakimu. "Hakukuwa na mvua."

Kila akimaliza kuigeuza orodha, huhesabu mistari iliyoingia na iliyotoka. "Waliolala hawaongezeki bila jeneza," ndivyo asemavyo. Siku moja, mwezi wa tatu, iliingia 11,406, ikatoka 11,407.

Mstari uliozidi haukuwa na jina. Ulisema: "Safu ya tisa, kaburi la kumi na tatu."

Safu ya tisa ina makaburi kumi na mawili. La mwisho ni la mama yake. Kwa miaka mingi mzee alikuwa akiomba awekewe nafasi ubavuni mwa mkewe, na kila mara alijibiwa kwamba safu imekwisha. Ubavuni pale ingepita njia ya matofali. Mafundi walikuwa waanze Jumatatu.

Bi Tarakimu aliufuta mstari. Ukarudi. Akaufuta tena. Ukarudi.

Msimamizi wa makaburi alimwita. "Mama, kumpenda mzazi ni jambo jema. Lakini daftari hili si la nyumbani kwenu."

"Bosi, kaa wewe kwenye kiti. Mimi nasimama mlangoni, mikono nyuma."

Msimamizi akaketi. Akaandika upya mistari kumi na miwili ya safu ya tisa, akachomoa waya wa mtandao, akabonyeza. Sauti ikasoma mpaka la kumi na mbili, ikanyamaza, kama mgeni anayengoja kufunguliwa mlango. Kisha ikasema: "Kaburi la kumi na tatu."

"Nilivaa koti," anakiri msimamizi. "Na lilikuwa jua kali."

Wakatoka na kamba ya kupimia. Mchimbaji mkongwe, anayeitwa Mtaimbo, akagonga ardhi mara tatu kwa chuma chake.

"Ngumu hii. Hapa hajalala mtu tangu dunia iumbwe," akasema. "Ila dada, hapa pamekaa kama panasubiri."

Vigingi vya njia, vilivyopigwa jana yake, vilikuwa vimesogea hatua mbili. Kati yake na kaburi la mama, kamba ilitoa kipimo cha kaburi moja, bila kuzidi wala kupungua.

"Nani kang'oa vigingi vyangu?" msimamizi akafoka.

"Bosi, mimi hata jino langu lililong'oka sijui limekwenda wapi," akajibu Mtaimbo.

Hakuna aliyecheka. Njia ikapindishwa. Kwenye daftari pakaandikwa "nafasi imehifadhiwa", bila jina, kwa kuwa sheria hairuhusu jina la aliye hai.

Mzee alipoambiwa alishika mkono wa bintiye. "Sasa nina anwani. Lakini msinisukume, mama. Sina haraka."

Bi Tarakimu ana mpango wa kuipeleka programu kwenye makaburi mengine mawili ya mji. Mpango huo utangoja kidogo. Anasema wiki iliyopita, baada ya "la kumi na tatu", sauti haikukoma kama kawaida. Ilivuta pumzi, kama mtu anayetaka kutaja jina. Akaizima.

Siku hiyohiyo aliomba likizo ya mwezi mzima, ya kwanza tangu aajiriwe. Atakaa na baba yake barazani, amsomee magazeti, wabishane.

"Jina hilo likija kutajwa," anasema akifunga daftari, "sitaki niwe nimekaa hapa na mashine."