Gitaa Moja, Mikono ya Watu Wawili

Mume wangu alipatwa na kiharusi akiwa kwenye foleni ya kupima majani chai. Ulikuwa msimu wa mvua, majani yalikuwa mengi, na lori la kiwanda lilikuwa limechelewa. Wenzake walimlaza juu ya magunia wakanipigia simu. Mimi nilikuwa nyumbani, Kimulot, nikikamua ng'ombe. Nilisikiliza, nikasema sawa, nikarudisha simu mfukoni, nikamaliza kumkamua yule ng'ombe. Nikafunika maziwa, nikanawa mikono, nikavaa viatu. Yote hayo nayakumbuka vizuri. Nisichokumbuka ni kuogopa.

Alilazwa Kericho wiki kadhaa. Aliporudi, mguu wa kushoto ulikuwa ukiburuta, na mkono wa kushoto ulikuwa umelala tu, baridi, kama kitu ambacho mtu alimwachia amshikie. Upande wa kulia ulikuwa mzima. Maneno yalitoka polepole lakini yalieleweka. Watoto wetu wana kazi na nyumba zao huko mbali. Walikuja, wakalia, wakarudi. Nikabaki na yeye, na ng'ombe, na shamba la chai ambalo halingoji mtu apone.

Kabla ya hapo alikuwa mpiga gitaa wa kwaya ya kanisa letu. Hakusomea popote. Alijifunza ujanani kwa kuwatazama watu vidole, na tangu tuoane nimepika nikimsikia sebuleni akirudia kipande kimoja mpaka kimnyookee. Mimi gitaa hilo nililigusa wakati wa kulipangusa vumbi tu.

Siku moja aliniomba nimletee gitaa. Nikamwekea pajani. Mkono wa kulia ukaanza kupiga, lakini bila wa kushoto kubana nyuzi kwenye shingo ya gitaa, sauti inayotoka ni ileile moja, na si nzuri. Aliipiga asubuhi nzima. Kesho yake tena. Siku iliyofuata nikatoka jikoni na benchi, nikakaa upande wake wa kushoto, nimembana bega kwa bega, ile shingo ikapita mbele yangu.

"Nionyeshe mahali pa kubana," nikamwambia.

Akaniangalia. "Utaweza?"

"Sijui. Nionyeshe."

Watu wakisikia hivyo husema nilifanya kwa mapenzi. Labda. Ninachojua ni kwamba nilitaka ile sauti ibadilike.

Tulianza na kodi ya G. Wapiga gitaa wa kwetu huita kodi pale vidole vinapobana nyuzi kadhaa kwa pamoja ili zilie zikipatana. Yeye alikuwa akielekeza kwa kidevu. "Hiyo uzi nene. Hapana, ile ingine. Sukuma kidole karibu na hicho chuma kilichokatiza shingo, usikikalie."

"Inauma," nikasema, na nilishangaa kidogo kusikia kwamba inauma.

"Itauma mpaka ngozi ikauke."

Nilidhani vidole vyangu vimekomaa, maana nimechuma chai tangu utotoni. Lakini chai hukomaza kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada. Gitaa linataka ncha kabisa, mahali ambapo hata mama mkulima amebaki laini.

Basi ikawa desturi. Nikishapeleka majani senta ya kupimia na kumlisha, tunaketi. Yeye mkono wa kulia, mimi wa kushoto. "Tayari?" anauliza. "Bado." Anangoja. "Tayari?" "Piga." Anapiga mara nne, mimi nakimbiza vidole kwenda C, vinafika kimoja kimoja kama watu wanaochelewa ibada. Zamani mume wangu hakuwa mtu wa kungoja. Sasa alingoja.

Mwenyekiti wa kwaya alipopata habari, aliniingiza kwenye kikundi cha WhatsApp cha watu wa huku kwetu wanaojifunza gitaa. Kila Jumatatu mtu huuliza wenzake wanafanyia nini mazoezi wiki hiyo. Mfanyabiashara mmoja wa mjini Kericho, Mkikuyu anayeuza vifaa vya ujenzi, alikuwa anajifunza kutoka G kwenda C bila kuangalia vidole. Mwalimu wa Mogogosiek alikuwa anafuata mdundo unaogongwa na simu, na alilalamika kwamba simu yake ina haraka. Wengine walitaka kudonoa nyuzi moja moja kama kwenye muziki wa benga wa zamani. Mimi niliandika: F. Wiki iliyofuata nikaandika tena: F. Hiyo F inataka kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote kama mti ulioangukia ua, na vingine vifanye kazi mbele yake. Yule mfanyabiashara akanijibu, "Mama, hiyo F imetutesa sisi wote. Usikufe moyo." Sikumwambia kwamba mimi napiga nusu ya gitaa.

F ilikuja siku ya mvua ya mawe. Tulikuwa tumeketi tukisikiliza bati, tukijua kwamba chai inachanwachanwa huko nje na hakuna la kufanya. Nikabana, akapiga, nyuzi zote zikalia safi.

"Hiyo ndiyo," akasema, akapiga tena ili ahakikishe.

Mvua ilipokatika nilikwenda kuangalia shamba. Upande wote wa bondeni ulikuwa umebaki vijiti. Nilisimama pale, matope yamenifika kwenye vifundo, nikijaribu kuona kama nimefurahia ile F au nimesikitikia ile chai. Sikuona kitu. Nikarudi kuwasha moto.

Kanisani tulipiga pamoja mara moja tu. Walituwekea benchi mbele, tukapiga pambio lenye kodi nne, na tulikosea mahali pamoja tu. Akina mama walipiga vigelegele. Wengine walilia waziwazi. Baadaye walinikumbatia mmoja baada ya mwingine. "Mama, Mungu amekutendea." Nikawa najibu amina, huku nikijiuliza kama nilifunga mlango wa zizi.

Muda si mrefu baada ya hapo, daktari wa mazoezi kule hospitalini, binti mpole, alikuwa anamnyoosha kiganja, akatulia. "Mzee, hiki kidole kinasonga," akasema. "Jaribu tena." Kikasonga. Tangu siku hiyo mume wangu akawa anaushughulisha ule mkono, kuufungua na kuufunga kwenye maji ya vuguvugu, akiuangalia kama mtu anayeangalia sufuria ichemke. Akaanza kuweka kidole chake kimoja kwenye shingo ya gitaa kando ya vyangu. Kisha viwili. Na alasiri moja, nilipokuja na benchi, akaniambia bila ubaya wowote, "Wacha nijaribu peke yangu."

Nikalirudisha benchi jikoni, nikachukua kikapu, nikaenda kuchuma.

Alirudi kwenye kwaya na kodi tatu. Wimbo ukihitaji F, anairuka, na wenzake wanaifunika kwa sauti. Mimi nilikaa na akina mama wenzangu, nikaimba. Kila mtu alisema nyumba yetu imerudi. Ilikuwa imerudi kweli. Alianza kuvaa koti mwenyewe, akaanza kulalamika juu ya chumvi. Nami nikawa nafanya kila kitu vilevile, sawasawa.

Tulikuwa tunakunywa chai ya saa kumi aliponiuliza.

"Mama, wewe uko sawa?"

"Niko sawa."

"Tangu nigonjeke sijakuona ukilia."

"Nilikuwa na kazi."

"Kazi imepungua sasa."

"Imepungua."

Akazungusha kikombe mezani kwa ule mkono mbovu, polepole. "Mimi nililia kule hospitali," akasema. "Ulikuwa umeenda kunitafutia uji. Nililia mpaka nesi akaniletea kitambaa."

Sikuwa nimejua. "Pole," nikasema.

"Sitaki pole. Chukua hii."

Akanipa gitaa, lote, nikalipakata vile nilivyomwona yeye akilipakata miaka yote. Mkono wa kushoto ukaenda wenyewe kwenye G. Mkono wa kulia, huu unaochuma, unaokamua na kusonga ugali, ulikuwa mbumbumbu kabisa. Uligonga nyuzi kama unafukuza kuku. Mume wangu hakucheka.

"Chini, chini, juu," akasema. "Usikimbie. Mimi nilikungoja, na wewe jingoje."

Siku hizi tunapeana zamu. Yeye anaitafuta F yake na kidole bado hakilali vizuri. Mimi najifunza kutosimamisha mkono wa kulia wakati wa kushoto unabadilisha kodi, na ni kazi ngumu kuliko nilivyofikiri.

Bado sijalia. Wiki iliyopita, katikati ya pambio, nilidhani kilio kimefika. Nikangoja, mkono ukiendelea. Kikapita.

"Umepotea," mume wangu akasema. "Hapo ulikuwa unaenda C."

Nikaenda C, na yeye akaimba sauti ya chini mpaka mwisho.