Mbuzi Anayekula Duka Lake

Mimi ni mfanyabiashara wa Kasongo. Nauza chumvi, sabuni, mawese na vitenge vya bei ya chini, na ndevu zangu zimeanza kuingia mvi. Sokoni wananiita mzee, na msikitini nasimama safu ya mbele. Basi mzee huyo, tangu tuliponunua televisheni na betri ya umeme wa jua, alikuwa akifunga duka kila alasiri, anarudi nyumbani, anashusha pazia na kupunguza sauti ili atazame vikaragosi vya watoto.

Msidhani nilikuwa napitisha muda. Nilivipenda hasa. Kulikuwa na mbuzi wa kitambaa, mwenye duka kama mimi, ambaye hawezi kukaa na bidhaa bila kuila. Mteja akiulizia sabuni, mbuzi anageuza kichwa polepole, anatazama rafu, anasema sabuni haijafika, na huku kipande kinaning'inia mdomoni. Utamu wote ulikuwa katika huko kugeuza kichwa. Aliyetia mkono wake ndani ya mbuzi yule alikuwa fundi. Alijua kwamba mwongo huvuta pumzi kwanza. Walipombadilisha sikio moja nilitambua. Walipombadilisha sauti nilinuna mpaka wateja wangu wakadhani nimepata hasara.

Mwanaume mwenye watoto angetazama mambo hayo mlango wazi. Angempakata mmoja na kusema namwangalizia huyu. Sisi hatukuwa na mtoto. Tumeoana zamani, na huku kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, mama fulani. Mke wangu aliitwa mama tu, jina likakatika hapo hapo. Watu husema mficha uchi hazai, lakini methali hiyo nyumbani kwetu haikutajwa. Kwa hiyo nilificha. Nilijionea haya, mtu mzima ovyo, na zaidi ya hapo nilijua jirani akinikuta atasema masikini, hamu ya mtoto imempanda kichwani, na maneno yatamwangukia mke wangu.

Siku moja mvua ilimrudisha mapema kutoka shambani. Mbuzi alikuwa amekula kamba ya mizani yake, na sasa anampimia mteja mchele kwa kukisia. Nilikuwa nacheka kimyakimya, ngumi mdomoni kwa sababu ya majirani, na machozi yananitiririka. Mke wangu aliingia kwa mlango wa nyuma akaniona mabega yakitetemeka, na kwenye kioo cha televisheni watoto wanaimba. Akanisalimu, akapita jikoni. Mimi nikahamia kwenye habari.

Tulipokwisha kula alikaa kando yangu, akasema taratibu, "Bwana yangu, nilikukuta unalia. Ni juu ya mutoto, siyo?"

Jibu la swali hilo lilikuwa jepesi. Lakini nilipofikiria kumwambia mwanamke huyu, anayenipokea kwa heshima kila nirudipo, kwamba nilikuwa namcheka mbuzi, ulimi uligoma. Huzuni ina heshima yake, mbuzi hana. Niliinamisha kichwa tu. Akanishika mkono, na naona haya hata sasa, kwa sababu nilifarijika kweli, kama mtu aliyefiwa.

Haukupita muda akaniaga anakwenda Kabambare kumtazama dada yangu mkubwa, kwamba ana homa. Barabara ile haina huruma. Pikipiki ikikwama, abiria anashuka, anavua viatu, anasukuma. Alirudi na kitenge kimeganda tope mpaka kiunoni, na mguu umeungua kwenye bomba la moshi. Nilimpaka asali pale palipoungua, nikamuuliza homa ya dada imefikia wapi. Akasema imepoa.

Kisha dada akaja mwenyewe, mzima kabisa, pamoja na baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yetu, ambaye ndiye aliyeniozesha. Nilimwuliza dada habari za homa, akanishangaa. Walikaa mkekani. Mke wangu alileta chai, naye akakaa. Dada akaeleza kwamba kuna familia kule Lusangi, wana mjane kijana, mtu wa adabu, na ameshazaa mara moja, kwa hiyo hakuna mashaka. Niliuliza nani amemtafuta mke wa pili. Dada akamgeukia mke wangu.

"Ni mie nilimuomba yaya, dada yako huyu, anitafutie," mke wangu alisema, macho kwenye mkeka. "Bwana yangu iko analia mbele ya programu ya batoto. Siwezi kumuacha alie hivyo, na ni mie sijamuzalia."

Alisema yote bila sauti kutikisika. Baba mdogo aliniwekea mkono gotini, kama mtu anayetoa pole msibani. Hapo nikaona pa kujificha hapapo tena.

"Sikuwa nalia," nikasema. "Nilikuwa nacheka."

Dada akauliza nacheka nini. Nikamweleza habari za mbuzi, nikazieleza vibaya, maana mbuzi yule akisimuliwa hachekeshi. Mwishowe nikainua mkono, nikakunja vidole viwe mdomo, nikakigeuza kiganja polepole, mbele ya baba mdogo. Nilitamani ardhi inimeze pale pale. Lakini baba mdogo alikuwa ameguswa. Alimwambia dada, "Unaona? Mutu anakubali kujifanya mujinga juu ya kulinda bibi yake." Dada akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Nilikuwa nimesema kweli, nasifiwa kwa uongo.

Mke wangu yeye alitazama jua uani, akaona saa ya kipindi imefika, akainuka, akawasha televisheni.

Tukatazama sote wanne. Nilitaka kucheka ili niokoe ndoa yangu, na nikaona haya kucheka, na kwa muda hakuna kilichotoka. Kisha mteja akaja kuulizia kofia. Mbuzi akageuza kichwa polepole, akavuta pumzi. Kicheko kikanishinda. Nilicheka kutoka tumboni, machozi yakanishuka, ngumi ikaenda mdomoni yenyewe. Dada alitazama ukuta. Baba mdogo aliondoa mkono wake gotini kwangu. Hakuna aliyeitaja Lusangi tena.

Mke wangu hakuwa akitazama mbuzi. Alikuwa akinitazama mimi, mabega na macho, mpaka nilipotulia. Mpumbavu mimi, nilidhani atafurahi.

"Basi ile siku ulikuwa unacheka," alisema.

Nikamwambia ndiyo.

"Na nilikuuliza."

Nikamwambia ndiyo.

"Na mie nikaenda mpaka Kabambare kujiombea mukemwenza kwa kinywa changu mwenyewe."

Wageni walikuwa bado wamekaa, kwa hiyo alichukua birika akamimina chai. Alianza na kikombe changu, akaniletea kwa mikono miwili na kupiga goti, kama alivyofundishwa kwao, na hakunitazama usoni.