Ndoo ya Matobolwa Niliyoijaza Mimi

Ninyi vijana mnaosoma vyuoni, mnaolalamika kila siku kwamba kazi ya kikundi anafanya mmoja na alama wanakula wote, hebu tulieni niwaambie jinsi bibi mmoja wa njia ya Katoro alivyoangusha kikundi kizima na wala hajawahi kuandikishwa chuo. Bibi huyo ni mimi. Aibu ninayo mpaka leo, nikipita karibu na kile chuo najifunika khanga usoni kana kwamba jua ndilo linanisumbua.

Mjukuu wangu Kabula anasomea mambo ya kilimo na vyakula, na mwaka huu wa mwisho walipewa kazi watu wanne, wakaja kuifanyia uani kwangu. Kazi yenyewe ilikuwa matobolwa (kama hujakulia Usukumani, ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikamenywa, vikakatwa, vikaanikwa mpaka vikauke, unavitafuna na chai). Mimi tangu usichana wangu naanika juu ya jabali nyuma ya nyumba. Wao wakaja na sanduku la mbao lililofunikwa nailoni, wakasema pale jabalini vumbi la karasha linatua kwenye chakula. Na kweli jirani yetu ana karasha, inasaga mawe ya dhahabu kuanzia asubuhi, kikombe cha maji ukikisahau nje unakikuta kimefanya ngozi ya vumbi juu. Wakifaulu kazi hiyo wanamaliza chuo, wakianguka wanabaki, Kabula aliniambia mwenyewe.

Sasa mimi mikono yangu haijui kukaa. Nawaona wasichana wawili wanamenya, Kabula anakata, na wa nne, kijana anaitwa Dotto, amekaa tu kando ya sanduku na simu yake, analifungua, anachungulia, anafunga, anarudi kwenye simu. Kwetu watu wakiitana kulima, asiyeshika jembe hanawi mikono ugali ukija. Nikamwambia, "Wewe Dotto, hilo sanduku unaliatamia?"

Akacheka kwa adabu. "Hapana Bibi, naliangalia tu."

Analiangalia tu. Nikaondoka nikaenda kufagia uwanja ambao nilikuwa nimeshaufagia.

Asubuhi ya siku ya kuonyesha kazi zao, Kabula akiwa bafuni, nikafunua ile ndoo wanayoipeleka. Jamani, haijafika hata nusu. Vitobolwa vyembamba, vimepauka, kama vimetoka kuugua. Na mimi nimelelewa hivi: chombo hakiendi kwa watu kikiwa nusu, ukikipeleka nusu umeitangaza nyumba yako kuwa ina njaa. Nikaingia ndani, nikachota ya kwangu, manono, mekundu, yale ya jabalini, nikajaza mpaka juu, nikafunika. Sikumwambia mtu. Nilifikiri nimemaliza (mtu mzima na akili zangu). Halafu, kwa kuwa moyo haukutulia, nikavaa kitenge kipya nikasema na mimi naenda, nikapanda bodaboda ndoo nimeipakata kama mtoto wa kubatizwa.

Ukumbi umejaa walimu, wazazi na wanafunzi. Kabula akasimama mbele, anaongea vizuri mpaka nikawa nanyanyuka kwenye kiti bila kujijua. Akasema, "Haya yamekaushwa mita chache kutoka kwenye karasha, na hayana vumbi hata chembe. Karibuni muonje."

Mwalimu wao akafunua ndoo, akachukua la juu kabisa, nono, akatafuna. Mimi niliisikia ile sauti kutoka nilipokaa. Krr. Akasimamisha taya. Akatoa leso, akatema humo, taratibu, kama mtu anayehesabu meno yake.

Mwanafunzi mmoja nyuma akasema, "Mwalimu, usiteme ovyo, peleka karasha, hapo hukosi gramu ya dhahabu." Ukumbi ukacheka.

Mwalimu akauliza nani alikuwa anasimamia sanduku, Dotto akasimama, na mimi hapo ningebana mdomo, tungepona, lakini miguu ilishanyanyuka.

"Ni huyo huyo," nikasema. "Nimemwona kwa macho yangu haya. Wenzake wanafanya kazi, yeye na simu."

Dotto akageuka. "Bibi, nilikuwa napima joto la sanduku. Simu ndiyo nilikuwa naandikia. Likizidi joto nafungua, likipungua nafunga."

Watu wakanitazama. Nikaona wanataka kumtazama na Kabula hivyo hivyo, nikazidi kuharibu. "Basi hata mjukuu wangu hana kosa. Hayo manono ya juu ni yangu. Ya jabalini. Ya kwao yako chini."

Mwalimu akanigeukia. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Kwa hiyo na wewe ni mwanakikundi?"

Hapo walicheka mpaka wazazi. Yeye hakucheka. Akamwambia Kabula kwamba hawezi kutoa alama kwa kazi asiyojua imefanywa na nani, yamechanganyika, hapimi kitu hapo, wakarudie yote kuanzia kumenya, na wenzao watavaa majoho wao wakiwa bado wanaanika. Kabula hakulia. Aliibeba ndoo akanipita, na kwa wiki nzima akawa ananisalimia shikamoo bila kuongeza neno.

Nilichojifunza nakisema wazi. Yule unayemwona amekaa huenda ndiye ameshika kazi kubwa kuliko wewe unayetoka jasho, kwa hiyo muulize kabla hujamsema. Na kazi ya mwenzako ikiwa ndogo, imepauka, iache hivyo hivyo, ni yake. Nilimwomba Dotto radhi mbele ya wenzake. Alisema yameisha, lakini hakuinua macho kwenye simu.

Wamerudi uani kwangu, wanamenya upya. Mimi nazunguka nyumba, nakunja nguo zilizokunjwa, nasikia nailoni ikifunguliwa na kufungwa. Jana nimemwita mama yake Kabula na watoto wote, nikawapanga mlangoni nikawaambia, "Yeyote asiye wa kikundi atakayesogelea hilo sanduku, awe mtoto, awe kuku, niwe mimi, mfukuzeni. Mimi mnifukuze kwa fimbo."